Shuka Huvutwa Mara Mbili

2 Februari

Mwanangu Kijiti,

Salamu nyingi, na kama wewe una afya basi mimi sina neno. Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mpaka karatasi imelainika kama kitambaa, na si mimi peke yangu niliyeisoma. Unaniuliza kwa nini sitaki tuzungumze kwa simu kama watu wengine. Mwanangu, simu ikikatika imekatika, huna cha kumwonyesha mtu. Barua naitia kwenye mkoba, nikikutana na mtu kwenye ngazi naitoa.

Jana nimemtolea mama mwenye duka la vyombo hapa chini, yule anayeniuliza kila siku kama kuchezacheza nako ni kazi. Nikamsomea pale ulipoandika kwamba ukumbi wenu unaandaa onyesho la kumtukuza bibi mtunzi wenu wa densi, kazi zake nne kwa siku moja, na kwamba wewe umo katika zote nne. Zote nne, nikarudia, maana alikuwa anajifanya anapanga sufuria. Akasema, "Haya, hongera. Na wewe mwenyewe umeshamwona akicheza?"

Nikamjibu kwamba kazi zimenibana. Lakini neno lile nimepanda nalo ngazi mpaka juu.

Ni kweli, mwanangu. Miaka sita uko huko na sijakuona jukwaani hata mara moja. Nilikuona ukicheza ukiwa na miaka saba, hapa sebuleni, umesimama juu ya vidole vyako ukishika ukingo wa meza, na nikakwambia shuka chini utavunja meza. Hilo ndilo onyesho lako pekee nililolitazama, na nililikatiza.

Kwa hiyo nimeamua. Onyesho hilo nitakuja. Nitumie tiketi, nauli nitajua mwenyewe. Nataka kukaa kwenye kiti, nikuone ukitoka, nimwambie mtu wa pembeni yangu, humjui huyo lakini mimi namjua.

Mama Pasi anakusalimu sana. Tuko naye vilevile kwenye chumba cha nguo cha hospitali, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, na mdomo wake haujapungua hata kidogo. Anasema ukiwa mkubwa usitusahau.

Kula. Mtu hachezi kwa upepo.

Mimi mama yako.


16 Februari

Mama,

Shikamoo. Tiketi hiyo hapa ndani ya bahasha, safu ya tano, katikati. Ni onyesho la mchana, Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, kwa hiyo unaweza kuja na basi la alfajiri na kurudi na la saa kumi na mbili jioni. Najua hutaki kulala kwenye chumba changu. Na kweli hakina nafasi: kitanda, ndoo, na dirisha linalotazama ukuta.

Unataka nikueleze hizo kazi nne ili ukawaeleze watu. Ya kwanza Bibi Fimbo aliitunga akiwa kijana. (Ndivyo tunavyomwita, kwa sababu hugonga fimbo yake sakafuni badala ya kuhesabu.) Wasichana kumi na sita wenye nguo nyeupe na viatu vya kusimamia vidole, wanakwenda kwa mistari. Ukiwatazama kutoka pembeni wanaonekana kama kichana kinachopita kwenye nywele. Ya pili ni ya kuchekesha: wanaume watano wanagombea kiti kimoja. Yule mnene akimkalia mwenzake bila kujua, kila siku nacheka mpaka machozi. Ya tatu ni mzee mmoja peke yake, bila muziki, pumzi zake tu. Ya nne ndiyo mpya, na hii itakufurahisha. Ni wanawake wawili na shuka.

Mwaka jana Bibi Fimbo alituambia kila mmoja alete kitu kimoja ambacho mikono ya mtu wa kwao hufanya. Mimi nilimwonyesha jinsi wewe na Mama Pasi mnavyokunja mashuka. Akaniambia nirudie. Sasa ni densi nzima. Nimekuwekea na picha ya mazoezi.

Mwanao, Kijiti.


1 Machi

Mwanangu,

Picha imefika na tiketi imefika. Tiketi nimeitundika ukutani juu ya redio, kila anayeingia lazima aione. Fundi wa bomba aliyekuja kuangalia sinki ameiona na amesema ni karatasi nzuri nzito.

Hiyo habari ya kwamba mikono yangu imetiwa kwenye baleti, mimi niliketi chini kabisa. Nimekunja mashuka miaka ishirini na saba, hakuna aliyewahi kuniambia nacheza. Nimemwambia mama wa duka kwamba wewe si mchezaji tu, umeleta na mtaji kutoka nyumbani. Na huyo bibi yenu lazima ana akili nyingi, maana umenieleza kazi nne na kila moja kama imetungwa na mtu mwingine. Ni kama fundi mmoja anayeshona gauni la harusi, na suti ya msibani, na gunia la viazi, na vyote vimekaa sawa.

Lakini picha ina mambo mawili.

La kwanza, wewe uko wapi? Nimeiweka dirishani, nimevaa miwani, nimevua miwani. Hawa wasichana wawili wenye shuka si wewe. Mmoja ana shingo fupi.

La pili, wanakunja vibaya. Nasema hivi kwa heshima. Huyu wa kulia ameshika kwa vidole vya mbele kama anayeshika panya mfu. Shuka hushikwa kwa kiganja, kidole gumba juu ya pindo. Halafu naona mikono yao imelegea. Hawajavuta. Kabla ya kukunja, shuka huvutwa mara mbili. Mvuto wa kwanza ni wa kuliamsha shuka, litoe mikunjo ya kamba. Halafu unangoja kidogo, kama mtu aliyepiga hodi akasikiliza. Ndipo unavuta wa pili, na huo si wa shuka, huo ni wa mwenzako. Unamwambia niko tayari. Na yeye anakujibu vilevile, mara mbili. Mkishajibizana ndipo mnakwenda. Mama Pasi na mimi hatukuhitaji kutazamana. Angeweza kuwa anamsema mtu dirishani huko, mkono wake ukanijibu.

Wewe unajua haya, nilikufundisha ukiwa hufiki kwenye meza. Waambie.

Mama yako, mwenye mikono.


20 Machi

Mama,

Siku ya picha walikuwa kundi la kwanza. Sisi wengine tulikuwa zamu ya pili. Usijali kuhusu picha.

Nilimsomea Bibi Fimbo yale ya kuvuta mara mbili. Aliwasimamisha wote, akawaambia wavute. Imekuwa kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Wanavuta kama watu wanaovutana kamba ya mbuzi. Wanafanya haraka, hawangoji katikati. Anawaambia wangoje, wanangoja kwa kuhesabu, na inaonekana wanahesabu.

Ameniomba anuani yako. Ameandika mwenyewe, karatasi yake nimeitia humu. Usiogope mwandiko, mikono yake inatetemeka.

Kijiti.


Kwa mama wa Kijiti,

Salaam. Mimi ndiye wanayeniita Bibi Fimbo, wanadhani sisikii.

Nina densi ambayo sijui mwisho wake. Wanawake wawili wanakunja mashuka pamoja kwa miaka. Kisha mmoja anaondoka na shuka linabaki kwa mwenzake. Nimemfanya alidondoshe: uongo. Nimemfanya alikumbatie: uongo zaidi, watu wangelia na mimi ningeona haya. Nimetunga densi miaka arobaini na sasa nauliza kwa anayejua.

Mtu akiachwa peke yake na shuka, hufanya nini?

Mtunzi.


2 Aprili

Bibi mheshimiwa,

Nimepokea barua yako kwa mikono miwili. Mimi sikusoma sana, shule niliishia pale nilipoishia, kwa hiyo utanisamehe. Kwanza nikwambie kwamba huyo binti uliye naye huko alitembea akiwa na miezi tisa, hakutambaa, aliruka hatua hiyo. Sikwambii kwa majivuno, nakwambia ili ujue ulichonacho.

Sasa swali lako. Hadondoshi, maana atalifua tena. Halikumbatii, maana litajikunja. Anafanya hivi.

Anapiga msumari kwenye fremu ya mlango, usawa wa bega lake. Si juu zaidi, bega litamuuma kufika jioni. Msumari anauzungushia kitambaa kwa sababu kutu huchafua na ncha hutoboa. Kipande cha foronya kuukuu kinafaa, kikichakaa anabadilisha. Mimi niko kwenye cha nne. Anatundika pembe mbili za shuka pamoja hapo kwenye msumari, anarudi nyuma na pembe nyingine mpaka shuka linyooke, na anavuta mara mbili. Msumari haujibu, hilo anajua. Lakini anavuta, maana mkono ukiacha kuvuta unasahau.

Halafu hapa ndipo wachezaji wako waangalie. Ukiwa na mwenzako, mara yeye anakuja, mara wewe unakwenda, mnakutana katikati. Msumari hauji. Unaufuata wewe kila mara. Kwa hiyo mwendo wote ni wako, wa kwenda na wa kurudi. Katikati ya shuka unapashika kwa kidevu ili mikono ipate kukunja upande wa chini, na hapo kwa dakika moja huoni mbele, unaona kitambaa cheupe tu. Ukimaliza unaliweka juu ya mengine, unalipiga kofi dogo, unageuka kuchukua jingine.

Usimwambie mchezaji alie. Halii mtu, mikono ina kazi.

Hayo ninayokueleza ni ya zile siku Mama Pasi akienda kunywa chai.

Mimi mama wa Kijiti, anayecheza zote nne.


15 Aprili

Mama,

Bibi Fimbo ameisoma barua yako kwa sauti mbele yetu sote. Hakugonga fimbo. Akasema hiyo ndiyo densi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

Mama, chai huchukua dakika ngapi? Mtu hapigi msumari kwenye fremu ya mlango kwa sababu mwenzake amekwenda kunywa chai. Wala hafiki kitambaa cha nne.

Tangu lini?

Kijiti.


20 Mei

Mwanangu,

Umengoja mwezi na zaidi, najua. Nilianza barua tatu, karatasi zake nikafungia sabuni.

Ni mwaka mmoja na miezi minne. Hospitali walileta mashine. Unaingiza shuka bichi huku, linatoka kavu limekunjwa kule, na pembe zake zimekaa vizuri, siwezi kusema uongo. Walituita ofisini, wakatushika mikono, mkuu wa stoo akatupa kila mmoja karatasi ya shukrani. Mama Pasi akauliza kama mashine nayo itapewa karatasi. Wote wakacheka. Wiki iliyofuata mwanawe alikuja kumchukua, akaenda kukaa naye mbali huko. Alinitumia barua moja. Nikamjibu mbili. Basi.

Mimi nilipata nyumba ya wageni, ile ya barabara ya nyuma. Kazi si mbaya. Nina chumba changu, mashuka ishirini na mbili kwa siku, na mlango wenye msumari. Wageni nawasikia wakipita ukumbini na masanduku, sauti tu. Siku nyingine naondoka nyumbani nimemsalimu mama wa duka, narudi namsalimu mama wa duka, na hapo katikati sijafungua mdomo.

Zile salamu za Mama Pasi nilikuwa naziandika mwenyewe, kama nilivyojua angezituma. Sikutaka ukae huko unanihurumia, ukashindwa kucheza.

Sasa nimesema yangu. Na yako?

Usishangae. Mimi nasoma barua zako zaidi ya unavyoziandika. Uliniambia wasichana kumi na sita ukiwatazama kutoka pembeni ni kama kichana. Mwanangu, jino la kichana halikioni kichana. Uliniambia yule mnene akikaa unacheka kila siku mpaka machozi. Anayecheza hana nafasi ya kucheka kila siku. Kwenye picha hupo. Unaniandikia onyesho zima kama mtu aliyekaa kwenye kiti.

Sikutaka kukuuliza. Nilikuwa nishawaambia watu.

Mama yako.


27 Mei

Mama,

Mimi ni mchezaji wa akiba.

Najua nafasi kumi na moja katika kazi zote nne. Kila asubuhi nasimama nyuma ya mstari wa mwisho, karibu na ukuta, nafanya wanayofanya bila kumgusa mtu. Mchana nakaa kwenye benchi na daftari. Mtu akiteguka, naingia. Hateguki mtu. Kuna siku najikuta nawatazama vifundo vya miguu, naona haya, naangalia dirishani. Hawanichukii. Wananisahau tu. Wiki iliyopita walizima taa za chumba cha mazoezi nikiwa bado ndani.

Nilipokuandikia kwamba nimo katika zote nne nilitaka uelewe vile ulivyoelewa. Ulifurahi sana, nikashindwa kurudi nyuma. Hata densi ya mikono yako, mama, wanacheza wengine. Nawaonyesha, halafu nakaa.

Kwa hiyo usije. Utatoka alfajiri, utakaa kwenye kiti kwa saa mbili na nusu ukinitafuta, na hutaniona. Sitaki umwambie mtu wa pembeni yako kitu ambacho hakipo. Tiketi mpe mama wa duka.

Nisamehe.

Kijiti.


3 Juni

Kijiti,

Tiketi ina jina la safu na namba ya kiti, haina jina la mama wa duka. Nakuja.

Ruhusa nimeshapata. Mama wa duka ameniazima viatu vyake vyeusi na amenisimamisha mbele ya kioo chake akasema nimependeza kama mke wa balozi. Unataka nimrudishie viatu nimwambie nini?

Na kama nimewaambia watu kwamba mwanangu anacheza zote nne, sifuti. Hao wanaocheza moja moja, yupo anayezijua zote?

Sitakutafuta. Nitatazama tu.

Mama.


14 Juni, jioni

Mama,

Saa hizi uko njiani na mimi niko chumbani na miguu inaniuma kwa kusimama, si kwa kucheza. Barua hii utaipata baada ya siku kadhaa, lakini nisipoiandika leo sitaiandika.

Ulikuja. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia kabla ya kuanza nikaona safu ya tano, mgongo wako umenyooka, mkoba juu ya magoti. Hakuna aliyeteguka, mama. Hakuna hata aliyepata mafua. Zote nne zimepita bila mimi kukanyaga jukwaa.

Nilikuwepo sehemu moja tu na nilitaka kukwambia mlangoni nikashindwa. Fundi seremala alitaka kupiga msumari kwenye nguzo jukwaani kwa ajili ya ule mwisho wako. Bibi Fimbo akakataa. Alisema msumari wa jukwaani watu watautazama wao, hawatamtazama mwanamke. Akataka upande wa pili wa shuka uingie tu gizani, nyuma ya pazia, na mtu asiyeonekana aushike. Akatazama benchi, akaniona mimi. Nilivaa nguo nyeusi na glavu nyeusi. Hilo ndilo onyesho langu. Kwenye kijitabu hakuna hata mstari wa mshika shuka.

Nilikuja mlango wa nyuma nikakukuta unamwambia bawabu kwamba mimi ni wako. Watu walikuwa wengi, wana maua. Uliniambia nimekonda. Ulinishika mikono, ukaigeuza viganja juu, ukaitazama, ukaiachia, ukasema basi litakuacha. Ukaenda bila kugeuka.

Najua uliona aibu. Sikulaumu. Umetoka mbali kuja kuwapigia makofi watoto wa wenzako.

Kijiti.


14 Juni, ndani ya basi

Mwanangu Kijiti,

Mwandiko huu unaruka kwa sababu ya barabara, si kwa sababu nyingine.

Mlangoni pale nilikuwa na maneno lakini watu walikuwa wengi, na mimi unanijua, nikianza kulia simalizi. Ningelilowesha hilo koti lako mbele ya bawabu niliyeshamwambia habari zako zote. Ndiyo maana nikasema umekonda. Na kweli umekonda. Nikaondoka bila kugeuka maana ningegeuka nisingepanda basi.

Basi sikiliza. Nimekaa pale safu ya tano, kushoto kwangu mzee mmoja mwenye tai, amekuja peke yake kama mimi. Ya kwanza ikaja, kile kichana. Ni kweli ni kichana, na yule wa tatu kutoka mwisho alichelewa. Ya pili nimecheka mpaka kiatu cha mama wa duka kikanitoka mguuni. Ya tatu, yule mzee wa pumzi, mwanzo nilidhani spika zimeharibika nikamwonea huruma. Halafu nikasikia pumzi zangu mwenyewe na za huyu mwenye tai, ukumbi mzima unapumua, nikaacha kumhurumia. Huyo bibi yenu anastahili. Walipompandisha jukwaani na fimbo yake nilisimama kabla ya wote.

Sasa ya nne. Walianza wawili. Wanakunja, wanakutana, wanaachana. Bado wanavuta kama mbuzi, kwa heshima. Nilikuwa natikisa kichwa. Halafu yule mmoja akaweka pembe zake chini, akatembea, akatoka. Nikajua sasa unakuja msumari wangu. Mwenye shingo fupi akaokota shuka, akarudi nyuma, na upande wa pili ukanyanyuka wenyewe ukaingia gizani. Hapakuwa na msumari. Palikuwa na giza tu.

Akavuta mara mbili, harakaharaka, kama alivyofundishwa.

Na giza likajibu.

Mara moja, shuka likaamka, mikunjo yote ikatoka. Halafu kimya. Kimya hicho mimi nakijua, mwanangu. Nilikitia mkononi mwako ukiwa unasimama juu ya kopo la rangi ili tulingane. Halafu ya pili, taratibu, ya kumwambia mtu niko tayari. Hakuna aliyeniambia. Kwenye kijitabu nilishatazama, hakuna. Lakini hakuna mtu mwingine chini ya jua anayengoja hivyo kati ya mvuto na mvuto, isipokuwa mimi, na niliyemfundisha.

Nilikuona. Ulisema sitakuona, nimekuona.

Nikamgusa mwenye tai, nikamwambia, yule ni mwanangu. Akatazama jukwaani, akauliza yule anayekunja? Nikamwambia hapana, yule mwingine. Akatazama tena, akatazama sana. Huyo nimemharibia onyesho, lakini atakumbuka.

Mlangoni nilitaka kuona viganja vyako tu. Una alama ya pindo chini ya kidole gumba, hata glavu haikuizuia. Umeshika vizuri.

Nitamwambia mama wa duka kwamba ulicheza, na kwamba ulicheza sehemu ngumu. Akiniuliza ipi, nitamwambia aje mwenyewe mwakani anunue tiketi.

Jumatatu nina mashuka yangu ishirini na mbili. Mimi mwenzio nitaingia, nitatundika, nitarudi nyuma, nitavuta mara mbili kama siku zote. Msumari haujibu, hilo nalijua. Lakini kabla ya kukunja nitangoja kidogo.

Mama yako.